Watford Haina Utani na Unyamwezi

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa pale Kilburn, nimemshika mwanangu mkono, kijana mmoja mbele yetu akafungua dawa ya kuchua misuli akainusa kabla hajalipa. Loh! Harufu ile kali ya mnanaa na karafuu ilinipanda puani mpaka machozi yakanilenga. Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama naumwa. Nikamwambia siumwi, namkumbuka mjomba wako alipokuwa mwembamba. Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili, maana kaka yangu Maganga anayemjua yeye akikaa kwenye kochi letu hakuna mwingine anayekaa.

Lakini ulikuwepo mwaka mmoja Maganga alikonda. Nilikuwa na miaka tisa, yeye yuko chuo kikuu hapa hapa London na analala nyumbani, na kila alipotoka mazoezini ngazi zote za jengo letu zilinuka dawa ile. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye fleti za kupanga mnajua, harufu ya mtu mmoja ni mali ya ghorofa zima. Jirani alilalamika. Mimi niliipenda, na sababu ya kuipenda ndiyo nataka kuisimulia.

Wazazi wetu ni Wanyamwezi wa Tabora. Baba alikuwa dereva wa basi, Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Na kila Jumapili alikuja Mjomba Kondo. Si mjomba wa damu, ni Mzaramo wa Kisarawe, dereva wa teksi, rafiki wa Baba tangu siku walizokuwa wanalala chumba kimoja na koti moja la baridi. Kwa asiyejua: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, anakunyang'anya nyama sahanini, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, umeshindwa. Na siku ukifiwa ndiye huyo huyo anayekuja wa kwanza, anayeteka maji, anayechimba kaburi, na anayewachekesha wafiwa watake wasitake.

Basi Mjomba Kondo alikuwa hata hodi hapigi kistaarabu.

"Enyi wala michembe ya viazi! Leo mmepika chakula cha watu au cha wapagazi?"

"Pita, Mzaramo," Mama anajibu kutoka jikoni. "Nilidhani umesikia ngoma inalia mtaa wa pili, ukaacha abiria barabarani."

"Ngoma ikilia nitakwenda, sisi tumeumbiwa raha. Ninyi mmeumbiwa kubeba. Mtazame mumeo! Kapanda ndege, kavuka bahari, kafika Ulaya, na kazi aliyoipata ni ipi? Kubeba watu!"

"Na wewe kwenye teksi yako unabeba nini?" Baba anauliza. "Hewa?"

Hapo wanacheka wote watatu mpaka mtu anapaliwa. Mimi wakati ule nilikuwa najibu kila kitu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku, lakini matusi yote niliyaelewa kwa Kiswahili na nilikuwa nayahifadhi.

Kisha Baba akaugua. Sitaki kuurefusha ugonjwa huo, aliyeuguza anajua. Nitasema jambo moja tu nililoliona mimi mtoto. Wodini kulikuwa na nesi mmoja mnene, Mjamaika, aliyekuwa akimtania Baba: mzee mvivu, utaamka lini, umelala kwenye kitanda changu kama umelipa kodi. Baba alimpenda sana. Halafu siku moja yule nesi akaacha utani. Akawa anasema samahani, tafadhali, asante, ungependa maji. Madaktari nao wakaja na sauti laini, wakamwita Baba kwa jina lake kamili. Wiki ile ile Baba akafariki. Kichwani mwangu nikajitungia sheria: anayetukanwa anabaki, anayeshukuriwa anaondoka.

Mazishi yakaithibitisha. Mjomba Kondo alikuwa amejiandaa kufanya kazi yake ya mtani. Alitaka kukaa kwenye ukingo wa kaburi akatae katakata maiti asishushwe, mpaka abembelezwe, kama wanavyofanya kwao. Alikwisha kunja suruali. Alikwisha fungua kinywa. Wakaja vijana wawili wa makaburini wamevaa vizibao vya kung'aa, wakamshika kiwiko kwa adabu kubwa: tafadhali bwana, kwa usalama wako, rudi nyuma kidogo. Akarudi nyuma. Akasimama pale na suruali yake imekunjwa, hajui mikono aiweke wapi. Hakuna aliyecheka siku ile, hakuna hata mmoja.

Tangu hapo na yeye akawa mpole. Jumapili akaja, akabisha hodi, akasubiri afunguliwe, akasema, "Habari za leo, Mama Maganga. Poleni sana." Alikula alichopewa. Nyama yangu hakuigusa. Nilimsogezea sahani makusudi, akanisogezea tena akaniambia, "Kula, binti yangu." Wallahi, nililia chooni.

Na Maganga akajifungia chumbani. Sijui nieleze vipi. Hakuwa na hasira, hakuwa mgonjwa, alikuwa hayupo tu. Majira yote ya baridi alilala na nguo za mchana, pazia limefungwa, na ukimuuliza kitu anajibu kwa neno moja au hajibu. Mama alikuwa akimpelekea chai, akisimama mlangoni na kikombe, akisema maneno ya kawaida, mvua, bei ya ndizi, akirudi nayo imepoa. Mwili wake mkubwa ukaanza kuyeyuka. Chuo kikaandika barua. Mama akaniambia mimi, mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia: "Nimezika mmoja. Huyu naye ananitoka huku namwona."

Kilichomtoa ni mpira. Si huu mpira wa miguu wa watu wote. Maganga alikuwa akicheza mpira wa Kimarekani kwenye timu ya chuo, ule wa kuvaa kofia ngumu zenye chuma usoni na mapedi ya mabega, mpira wenyewe una umbo la papai. Kuna mmoja mzuri mzuri anayesimama nyuma na kuurusha, na mbele yake wanajipanga watano wakubwa, safu nzima, kazi yao kuwazuia maadui wasimfikie. Wale watano mpira hawaugusi. Hawaushiki, hawaurushi, goli hawafungi. Mechi nzima wanasukumana. Maganga alikuwa wa kushoto kabisa, upande ambao mrushaji akigeuka kurusha hauoni, kwa hiyo akiachia yeye, mwenzake anavunjwa mgongo bila kujua kimetoka wapi. Baba alipoelezwa hayo mara ya kwanza Mjomba Kondo alikuwepo, na alianguka chini kwa kicheko. "Upagazi!" alipiga kelele. "Mwanao amesomeshwa mpaka chuo kikuu, akachagua upagazi!"

Alipojifungia, nafasi yake ilichukuliwa na mwingine. Lakini majira ya joto kocha alimpigia simu. Akamwambia mwisho wa Agosti, kabla ya msimu, anaipima safu yote upya, mmoja mmoja, wa zamani na wapya, na atakayeshinda ndiye atakayesimama. Ukija nitakuangalia. Usipokuja nitaelewa. Maganga akatoka chumbani, akaomba wali. Mama, aliyekuwa akiuita mchezo ule ugomvi wenye sare, alipika wali wa sherehe. Alikuwa tayari kumpeleka hata kwenye vita, alimradi atoke kwenye kile chumba.

Ndipo ngazi zikaanza kunuka dawa tena. Sasa mnajua kwa nini niliipenda.

Jumamosi moja Mama alikuwa na shifti, Maganga akanichukua mazoezini, kiwanja kimoja upande wa Harrow, nikakaa kwenye benchi na kitabu ambacho sikukisoma. Nilikuwa namsikiliza Kocha. Alikuwa Mwingereza mfupi, kichwa kipara chekundu, na jamani, yule mtu alikuwa na mdomo! Mmoja alimwambia anakimbia kama anatafuta miwani yake. Mwingine alimwambia bibi yake anageuka upesi zaidi, na bibi yake ana nyonga ya bandia. Alipofika kwa Maganga akamzunguka, akamwangalia juu mpaka chini, akasema, "Nilimwacha kabati, nani kaniletea mlango?" Na Maganga akatabasamu. Kidogo sana, upande mmoja, lakini niliona.

Kuna kijana alisukumwa akaanguka mara tatu. Huyo Kocha hakumtukana. Alimshika bega, akasema kwa sauti ya chini, "Asante kwa kuja. Umejitahidi sana." Yule kijana akabeba begi lake, hakuonekana tena. Sheria yangu ilikuwa inafanya kazi hata hapa! Wanaotukanwa wanabaki, wanaoshukuriwa wanaondoka. Nikajua papo hapo Kocha ni nani. Ni mtani wetu. Ni Mzaramo.

Siku yenyewe ya kupimwa Maganga alitangulia kwa treni, sisi tukapelekwa na Mjomba Kondo kwenye teksi yake, Mama katoka shifti ya usiku, bado na sare yake ya kazini chini ya koti. Mjomba aliendesha kama anasindikiza jeneza. Nikaona nichangamshe mambo.

"Mjomba, kuna Wazaramo wazungu?"

"Hapana, binti yangu. Kwa nini unauliza?"

"Kocha wa Maganga ni Mzaramo."

Mama akanitazama kwenye kioo. Mjomba alikosa njia ya kutokea kwenye mzunguko akalazimika kuzunguka tena.

Kiwanjani ndugu wa wachezaji walikuwa wamesimama nyuma ya kamba. Vijana wa ile safu ya mbele walikuwa wengi kuliko nafasi, wote wakubwa, wote wanajifanya hawaogopi. Kocha aliwaita mmoja mmoja. Unasimama, unainama, mbele yako wanawekwa wakimbiaji wakali, filimbi inalia, na wewe unamzuia mmoja asikupite mpaka filimbi ilie tena. Ni muda mfupi sana, chai haiwezi hata kupoa, lakini Mama alikuwa akishika pumzi kila alipoitwa mtu, hata wasio wake.

Maganga akaitwa. Mara ya kwanza alizuia. Mara ya pili miguu ikamchelewa, akapitwa, mrushaji akaguswa. Mama alinibana mkono mpaka nikasikia mifupa. Na Kocha, kama kawaida yake, akatupa kofia chini.

"Wewe kabati la mtumba! Umekuja na bawaba au umezisahau nyumbani? Mama yangu angepita hapo na kitoroli cha sokoni!"

Nilishusha pumzi. Ametukanwa, basi bado yumo. Nikageuka kumwambia Mjomba Kondo kwamba mambo ni mazuri, na Mjomba hayupo. Amekwisha vuka kamba. Anatembea katikati ya kiwanja na funguo za teksi mkononi, shati limemtoka kiunoni, na mishipa ya shingo imesimama.

"Wewe!" alimwambia Kocha, kwa Kiingereza chake cha kubishana na abiria. "Unamtukana huyu kama nani? Wewe ni nani kwake?"

"Mimi? Mimi ni kocha wake."

"Sikuulizi kazi. Kabila gani? Unatoka wapi?"

Kocha akaangalia huku na huku. "Watford," akasema.

"Watford!" Mjomba akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Watford haina utani na Unyamwezi! Haina, haijawahi kuwa nao! Mimi ndiye mwenye haki ya kumtukana mtoto huyu. Mimi, na baba zangu, na babu zangu! Wewe ukitaka kumtukana, leta ukoo wako tuuchunguze!"

Wachezaji walisimama vinywa wazi. Mama alikuwa ameficha uso kwenye koti. Kocha, maskini, aliona mzee mwenye funguo na mama mwenye sare, akaona nywele ambazo hana zinasimama. Akainua mikono. Akasema samahani, hakukusudia kumvunjia mtu heshima, kweli kabisa hakukusudia. Kisha akamgeukia Maganga, akamshika bega, sauti ikashuka.

"Asante, Maganga. Vizuri sana. Pumzika kidogo."

Mtume! Asante. Vizuri sana. Na mkono begani, vile vile kama kwa yule kijana aliyeanguka. Nilimtazama Maganga nikaona na yeye ameyasikia kama nilivyoyasikia mimi. Alivua kofia yake ngumu taratibu, akaenda akakaa kwenye nyasi pamoja na wale waliokwisha kushukuriwa. Uso wake ukawa ule wa chumbani. Nilikuwa sijauona tangu alipoomba wali, na sasa ulikuwa umerudi pale, mchana kweupe, mbele za watu, na mdogo wake hana la kufanya.

Mjomba Kondo alirudi kwenye kamba kifua mbele, anaona amemlinda mtoto wa rafiki yake. Nikamvuta shati.

"Mjomba, umemharibu!" Nilisema kwa Kiswahili, ndicho kilichokuja. "Umemfanya awe mpole! Akiwa mpole anamfukuza!"

"Nani anafukuzwa? Nimemtetea heshima yake, binti yangu."

"Usiniite binti yangu!" Sasa nilikuwa napiga kelele na kamasi zinanitoka. "Wewe ulikuwa unamtukana Baba kila siku na Baba alikuwepo! Yule nesi alimtukana na Baba alikuwepo! Mkaanza wote asante, asante, poleni, poleni, na Baba hakurudi. Na sisi hututukani tena. Utatuacha na sisi?"

Mtoto husema kitu bila kujua uzito wake. Mama aliinua kichwa. Mjomba Kondo alisimama, funguo zikamtoka mkononi zikaanguka kwenye nyasi na hakuziokota. Nilidhani nitapigwa. Alinitazama muda, macho yamemwiva, kisha akaangalia kule alikokaa Maganga peke yake na kofia yake mapajani. Akasema polepole, si kwangu, nadhani hata si kwa Mama, "Walinizuia pale kaburini. Nilikuwa nayo yote, hapa, kooni."

"Basi iseme," Mama akamwambia. "Nani anakuzuia hapa?"

Mjomba akakunja suruali. Nakuapieni, alikunja suruali mpaka magotini, akaivuka tena ile kamba, akajaza mapafu.

"We Maganga! Mpagazi we! Unakaa? Tangu lini Mnyamwezi akakaa na mzigo haujafika? Ndiyo tabia ya baba yako hiyo! Baba yako alikufa kwa uvivu! Aliona kuna masanduku yangu ya kuhamia Queensbury, ghorofa mbili, lifti hakuna, akaona bora afe kuliko kuyabeba! Nimemwita, kajifanya maiti! Nikasema nikae juu ya kaburi nimngoje atoke, Waingereza wakaja kumtetea! Mjanja yule! Mla michembe yule! Amenikimbia miye! Miye!"

Sauti ilimkatika hapo. Ilikuwa tusi lakini alikuwa analia, kifua kinamruka, na suruali imekunjwa.

Hakuna aliyeelewa kitu pale isipokuwa sisi watatu. Nikamwona Mama ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikadhani analia. Mabega yakatikisika, akainama, na sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, kicheko kile cha jikoni Jumapili, ambacho nilikuwa nimekwisha kuamini kimezikwa. "Kajifanya maiti!" alisema, akishika mbavu. "Loo, Mzaramo, Mungu akulaani! Kajifanya maiti!" Machozi yalimtiririka mpaka kwenye kola ya sare.

Na Maganga alikuwa amesimama. Alikuwa anacheka pia, kinywa wazi, uso wote umelowa, na hakuuficha. Akajibu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima:

"Masanduku yenyewe yalikuwa na nini, Mjomba? Ngoma tupu!"

"Ngoma, ndiyo! Utazibeba wewe! Vaa hilo sufuria lako urudi kwenye mstari!"

Akavaa kofia yake. Akamwendea Kocha, akamwomba nafasi moja zaidi. Kocha alikuwa amechanganyikiwa kabisa. Akaja mpaka kwenye kamba, akamuuliza Mama kwa heshima nini kimetokea, maana bwana huyu alimkataza yeye kumtukana kijana, na sasa ni dhahiri bwana huyu mwenyewe anamtukana.

"Yeye anaruhusiwa," Mama alimwambia, anafuta macho. "Wewe huruhusiwi."

"Sasa mimi nifanye nini? Sijui kufundisha namna nyingine."

"Umwombe."

Basi Mwingereza wa Watford akasimama mbele ya Mzaramo wa Kisarawe aliyekunja suruali, akaomba. Mjomba Kondo alijifikiria sana. Alijikuna kidevu. Alizunguka. Mwisho akasema anatoa ruhusa ya msimu mmoja, kwa sharti kwamba mama wa kijana asitajwe na marehemu asitajwe, hao ni wake mwenyewe. Wakapeana mikono. Mimi niliamini kwamba pale ndipo Kocha alipofanywa Mzaramo rasmi, na niliamini hivyo mpaka nikaingia sekondari, mtu akanicheka.

Kocha alirudi kiwanjani, akapuliza filimbi yake, na nikasikia kile nilichokuwa nakingoja.

"Haya, kabati! Bado unasubiri kuletewa kwa lori? Inama!"

Wakamwekea mkimbiaji aliyempita mwanzo. Filimbi. Yule kijana akaja kwa kasi, Maganga akarudi hatua, akasogeza mguu wa kushoto, akampokea kifuani kwa mikono yote, akatulia. Yule akasukuma kushoto, akasukuma kulia, akazunguka. Maganga yuko naye. Nyuma yake mrushaji alikuwa na muda wa kupiga miayo. Mama alikuwa anarukaruka na viatu vya kazini, Mjomba Kondo anatukana ukoo mzima mpaka shangazi zetu wa Nzega, na mimi napiga kelele kwa lugha zote mbili. Filimbi ikalia. Wakamrudisha mara nyingine, na nyingine, na hakupitwa.

Mwisho Kocha akawaita wote, akapita akigusa bega la kila atakayesimama kwenye safu. Alipofika kwa Maganga hakumgusa. Nilishika koti la Mama. Alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akamtazama kwa chuki kabisa.

"Wewe ni janga," akamwambia. "Umekonda, umechelewa, na ndugu zako ni wendawazimu. Wa kushoto kabisa. Jumatatu usichelewe."

Ah! Jamani, raha ile! Nilijitupa kwenye nyasi chali, nikatazama mawingu ya Harrow. Hatukuwa tumempata Baba. Hilo nililijua hata nikiwa mtoto. Lakini hakuna mwingine aliyekuwa anaondoka.

Tulirudi wanne ndani ya teksi, madirisha wazi kwa sababu ya ile dawa ya kuchua. Na Maganga alikuwa anaongea. Alianza kabla hajafunga mkanda. Alieleza jinsi mguu unavyotakiwa kutangulia, kwa nini usimtazame mtu usoni bali kiunoni, yupi katika wale watano anasinzia, yupi atamfaa pembeni yake, na Kocha alivyomwambia mwaka jana, na Baba alivyomuuliza swali gani siku ile kuhusu mrushaji, na angemjibu nini kama angekuwa na muda. Barabara nzima. Taa zote nyekundu. Mama alikuwa hajalala tangu jana, kichwa kimeegemea kioo, macho yanafumba yenyewe. Tulipokaribia Kilburn alinyoosha mkono nyuma, akaushika mguu wa Maganga.

"Maganga baba, nyamaza kidogo, kichwa kinaniuma."

Maganga akanyamaza mara moja.

Mama akafumbua macho, akageuka mzima mzima kwenye kiti mpaka mkanda ukamkaba.

"Hapana," akasema. "Hapana, sema. Sema, mwanangu. Huyo wa pembeni yako umesema anaitwa nani?"